Mobile Legends: jinsi ya kuwa na hiro wako mkali bila kukwama siku akibeniwa

Mobile Legends ni gemu ya simu ya timu mbili za watu watano, kila mtu na hiro wake, yani mhusika anayemwongoza. Ukiwa ngazi za chini, Warrior mpaka Grandmaster, unaweza ukaishi na hiro mmoja raha mustarehe, hakuna kubeni (kumfungia hiro asichezwe na mtu), unamgusa hiro wako mapema unaingia nae, na hata adui akichukua huyohuyo haikuzuii kitu. Kazi inaanza ngazi ya Epic. Pale drafti (timu kuchagua mahiro kwa zamu) inafunguka, kila timu inabeni, na hiro akishachukuliwa na upande mmoja basi wengine mnamwangalia tu. Hapo ndo utakutana na watu wa aina mbili wanaopandisha presha. Kuna yule anayejua Fanny peke yake, Fanny akibeniwa anachukua Layla kwa hasira na dakika ya tatu keshafidi (kafa na kumnenepesha adui) mara nne. Halafu kuna mzee wa kazi zote, akaunti imejaa mahiro, ukimuuliza anacheza nini anakwambia chochote, na kweli anacheza chochote, vibaya.

Mimi naona wote wawili wamekosea sehemu moja. Wa kwanza hajawahi kujiuliza hiro wake akikosekana inakuwaje, wa pili anaongeza mahiro bila sababu, kamwona mtu kwenye video kapiga Savage (kaua wote watano) basi na yeye kanunua. Njia inayofanya kazi ni kuanza na mmoja mpaka akae mkononi, halafu hiro wa pili usimchague kwa kumpenda, mchague kwa kuangalia ni kitu gani kinachomuua wa kwanza. Hiyo ndo habari yote, huku chini ni namna ya kuifanya.

Hatua ya 1: chagua nafasi kwanza, hiro baadae

Nafasi ziko tano, Gold na EXP za leni za pembeni, Mid ya leni ya katikati, Jungle ya kuwinda msituni, na Roam ya kuzunguka kuwasaidia wenzako. Watu wengi wanaanza na hiro halafu nafasi inajipangia yenyewe, na hapo ndo tatizo lilipo, kwa sababu kitu kikubwa unachojifunza kwenye hili gemu ni nafasi. Mtu wa Jungle anajua Turtle ya kwanza inatokea dakika ya pili na Lord dakika ya nane (ndo wale wanyama wakubwa wanaogombaniwa), anajua aanzie upande gani ili afike pale na Retribution, uchawi wa kuwamaliza wanyama, ikiwa tayari, na hayo yote anatembea nayo hata akibadilisha hiro kesho. Mtu wa Roam anajua kichaka gani akikaa jangla wa adui hawezi kupita bila kuonekana. Ukihama nafasi kila mechi, kila mechi unaanza upya.

Chagua nafasi unayoweza kuicheza hata siku umechoka. Na uwe mkweli kuhusu simu yako na mtandao wako, maana hili watu wanaliruka sana. Kama unacheza kwa bando, pingi (muda wa mtandao kujibu) inaruka kutoka kijani mpaka nyekundu kila ukisogea dirishani, na simu ikipata moto fremu zinashuka, basi Jungle na asasini wa kurukaruka kama Fanny au Ling utateseka bure. Fanny anaishi kwa kurusha kamba ukutani moja baada ya nyingine, kamba moja ikichelewa nusu sekunde umejigonga ukutani katikati ya watu watano. Ukiwa Roam au Mid lagi ndogo inakuumiza ila haikuui kila mara. Mtandao ukitulia siku moja utarudi kwa Fanny wako.

Hatua ya 2: hiro wa kwanza, mchimbe mpaka chini

Kumchagua huyu ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Awe ni wa nafasi yako, uwe nae tayari au umpate bila kuuza figo (mahiro wengi wapya ni BP 32,000, pesa ya ndani ya gemu, sio hela ya kuchezea kama ndo unaanza), na asiwe yule anayebeniwa kila mechi. Kama kila drafti unayoingia jina lake linafutwa, huyo sio hiro wa kwanza wa kujifunza, hata kama meta yote (mtindo unaotamba) inamwimba.

Nichukue Roam maana ndo napajua, na nichukue Tigreal. Skili zake unazisoma ukamaliza kabla chai haijapoa. Ya kwanza inatoa wimbi mbele na kumpunguza adui mwendo, ya pili anakimbia mbele akisukuma watu na ukiibonyeza tena anawarusha juu, ulti (skili kubwa kuliko zote) ni ile Implosion, inavuta wote waliomzunguka na kuwagandisha. Mtu anacheza mechi kadhaa anasema Tigreal namjua.

Hamjui bado. Kumjua ni kuelewa kwamba ile ulti inachukua kamuda kukamilika na ukipigwa stani (ukigandishwa) katikati inakatika, kwa hiyo kabla hujaibonyeza umeshahesabu nani kwao ana cha kukukatisha, na je, keshakitumia? Ni kuelewa kwamba Flicker (uchawi wa kuruka hatua ghafla) na ulti kwako ni kitu kimoja, Flicker ikiwa imetumika mpaka irudi (kama dakika mbili hivi) wewe ni tishio la nusu, hupaswi kutembea wazi mbele ya mnara unatafuta ugomvi, kaa kichakani, linda MM wako (marksman, mpigaji wa mbali), subiri. Na kubwa zaidi, baada ya kuwavuta wale watu, skili ya pili unaielekeza wapi? Wageni wanasukuma mbele, yani wanawasaidia adui kukimbilia kwao. Ukipita nyuma yao kwanza ukawavuta ukiwa huko, skili ya pili inawaburuta kurudi kwa wenzako, na hapo hata meji wako (mchawi wa Mid) anayelala anaua watu watatu bila kujua kilichotokea.

Kuna kipimo kimoja cha kujua hiro amekaa mkononi, angalia macho yako yanakaa wapi vita ikianza. Kama bado yanashuka kwenye vibonyezo kuona kuldauni (muda wa skili kurudi), bado. Kama yako kwenye ramani na kwa maadui na vidole vinajiendea, tayari. Kabla ya hapo usiguse hiro wa pili kwenye renki (mechi za kupanda ngazi), hata kama marafiki zako wanakwambia Tigreal ni wa kizamani.

Hatua ya 3: andika vinavyomuua

Hii hatua ndo naona ina thamani kuliko zote na ndo hakuna anayeifanya. Chukua notsi za simu, kila ukipoteza mechi na hiro wako andika mstari mmoja tu wa kilichokukwamisha, usiandike kwamba timu mbovu, hiyo tunaijua. Ukishakuwa na mistari ya kutosha utaona sababu zinajirudia na zote zinaangukia sehemu tatu. Kwanza hukumpata kabisa, kabeniwa au kachukuliwa. Pili umempata ila adui ana kitu kinachomfuta. Tatu umempata na hana wa kumfuta, ila timu yako haikumhitaji, mna matanki watatu na hakuna wa kuua.

Kwa Tigreal mistari itaonekana hivi. Diggie alikuwepo, na ulti ya Diggie inawaondolea wenzake wote wa karibu stani na kuwafunika ngao, yani wewe umejitoa mhanga umevuta watu wanne na bundi mmoja kabonyeza kitu wote wameondoka. Mstari mwingine utasema Lancelot na Ling walikuwa wanaruka, ulti haijakamilika wao washahama mtaa. Mwingine utasema nilivuta vizuri sana ila wenzangu walikuwa mbali, hakuna aliyekuja. Huo wa mwisho ni wa kupima kama ni tatizo la hiro au la kutoangalia ramani, mara nyingi ni la pili.

Hapa sasa ndo uone kwa nini kukusanya mahiro hovyo hakusaidii. Mtu ana Tigreal, Atlas na Minotaur anajiona ana mahiro watatu wa Roam. Wote kazi yao ni moja, kuingia katikati na kuwafunga watu kwa ulti, Diggie akitokea wote watatu wanakufa kwa ugonjwa mmoja. Ni sawa na kubeba miavuli mitatu safari ya jangwani.

Kwa watu wa Gold mfano mzuri ni Layla. Anapiga mbali kuliko karibu wote na mwishoni mwa mechi anatisha, ila hana miguu, hana skili hata moja ya kuruka. Saber akimfikia na ile ulti ya kumnyanyua juu mazungumzo yameisha. Kwa hiyo anayempenda Layla hiro wake wa pili asiwe MM mwingine wa kusimama sehemu moja. Amtafute Claude, ambaye anamwacha nyani wake Dexter sehemu halafu anabadilishana nae nafasi, ukimrukia unakuta hayupo.

Hatua ya 4: wa pili na wa tatu

Ukiwa na ile orodha, kuchagua kunakuwa hesabu tu. Tigreal anakimbiwa na warukaji, basi wa pili ni Khufra, ile skili yake ya kudunda kama mpira inawazuia warukaji wasipite, akiruka kukuelekea anakatika hapohapo na kurushwa juu. Siku adui anachukua Fanny au Lancelot wewe unachukua Khufra na unatabasamu. Tigreal anafutwa na Diggie, na Khufra nae Diggie anamsumbua, kwa hiyo wa tatu atoke nje kabisa ya kazi ya kuwafunga watu. Estes, mponyaji. Diggie hana la maana la kumfanya Estes. Estes nae ana kifo chake, adui akinunua vitu vya kupunguza uponyaji kama Dominance Ice na Sea Halberd ulti yake inakuwa kama maji ya uvuguvugu, ila angalau ni tatizo tofauti na la wale wawili.

Watatu kwa nafasi yako ya kwanza wanatosha. Watu wataniambia mbona wanne au watano, sawa, ila ukifika watano ujue kuna wawili hujawagusa miezi, na hiro usiyemgusa miezi sio hiro wako.

Namna ya kuwaleta bila kuwaumiza wenzako ni hii. Kwanza Custom (chumba chako cha mazoezi) peke yako na AI, fanya kombo mpaka uchoke, hapa hakuna wa kukutukana. Kisha Classic (mechi zisizogusa ngazi yako), na Classic uicheze kama mechi ya kweli, sio kwa kuchati huku unakula, maana ukijifunza kizembe ndo utakavyocheza. Renki mwisho, na ukianza renki mchukue pale alipokusudiwa. Usimlete Khufra mechi ambayo adui hana mrukaji hata mmoja halafu useme Khufra hafai. Kuna free hiro wa wiki na kadi za kujaribia, zitumie kabla hujatoa BP zako, nimeona watu wananunua hiro Jumatatu na Ijumaa wanalalamika.

Hatua ya 5: nafasi ya pili, moja tu

Itatokea mmeingia watu wawili wa Roam, na mwenzako hataki kuhama, ana winreti yake (asilimia ya ushindi) anakuonyesha. Usigombane. Uwe na nafasi ya pili ambayo iko jirani na ya kwanza. Jirani maana yake mnafanya kazi kwa pamoja, unajua mwendo wake kwa kuwa umekuwa ukitembea nae. Roam na Mid wanazunguka pamoja mechi nzima, kwa hiyo mtu wa Roam akihamia Mid anajua lini meji atoke leni yake akasaidie pembeni. Chukua meji mmoja au wawili wasio na makuu, Nana au Valir, basi. Valir anawasukuma wanaomjia karibu, Nana anamgeuza mtu kuwa kadude kadogo kanakotambaa, wote wawili unaweza kuwacheza bila kuaibika hata kama hujalala.

Kuna na njia ya mkato, hiro anayekaa nafasi mbili. Selena anakwenda Mid na Roam. Chou anakwenda EXP na Roam. Ukimjua mmoja wa hawa vizuri umeua ndege wawili, na pia unawachanganya adui kwenye drafti kwa sababu hawajui umemchukua uende wapi.

Na hapa niseme kitu kuhusu kuchimba, kwa sababu watu wanadhani kuchimba hiro mmoja ni kinyume cha kubadilika. Sio kweli. Kule Dota 2, gemu nyingine ya aina hii, mashindano ya The International ya 2019 yaliyofanyika Shanghai, timu ya OG ilikuwa na mchezaji aitwaye "ana" aliyemcheza Io, hiro ambaye dunia nzima ilimjua kama sapoti wa kumshikilia mwenzake, yeye akamcheza kama mbebaji wa timu. Wakachukua ubingwa, wa pili mfululizo. Hicho kitu hukipati kwa kuwa na mahiro mia, unakipata kwa kumjua mmoja mpaka unaona kazi nyingine ndani yake ambayo wengine hawaioni. Hata Estes ni hivyohivyo, Blacklist International wa Ufilipino walichukua ubingwa wa dunia wa Mobile Legends, ule wa M3 Singapore Desemba 2021, na staili iliyowapa jina ilikuwa ya kupigana kwa kukaa pamoja wakiponywa, wapinzani wakawa wanatumia beni zao kwa Estes. Sasa beni ikienda kwa Estes, kuna hiro mwingine mkali wa timu yako amepona.

Ila kwa juu kabisa upande wa kubadilika ndo unazidi kubana. League of Legends, nayo gemu ya aina hii, tangu 2025 ligi zake kubwa zinatumia Fearless Draft, hiro akichezwa mechi moja hakuna timu inayoweza kumrudia kwenye mfululizo huo. Mchezaji wa mahiro wawili pale amekwisha mechi ya tatu. Sisi huku Epic hatujafika huko, usijitese kujiandaa kwa sheria ambayo haikuhusu.

Hatua ya 6: kwenye drafti yenyewe

Mpangilio ni timu moja inachukua mmoja, nyingine wawili, kisha wawili wawili, mwisho mmoja. Kaa unajua uko namba ngapi. Ukiwa wa kwanza kabisa usimtoe hiro mwenye kaunta (hiro wa kumzima) ya wazi, maana wao wamebakisha machaguo yote matano, toa Chou wako, mtu ambaye hata wakimjibu hafi. Ukiwa wa mwisho ndo wakati wa kumtoa yule wa tatu, ushaona timu yao nzima. Kwa Tigreal mimi nasubiri nione kama Diggie ameondoka, nikiwa namba ya mapema na Diggie yupo bado, namwacha Tigreal.

Andika mapema kwenye chati unacheza nini, "Roam, Tigreal au Estes", inatosha. Watu wengi wanaogombania nafasi ni kwa sababu hakuna aliyesema kitu mpaka sekunde kumi za mwisho.

Swali linalokuja kila mara: wamechukua kaunta ya hiro wangu, nihame au nibaki? Inategemea kaunta ni ya aina gani. Kama inafuta kile kitu kimoja unachokileta, kama Diggie kwa ulti ya Tigreal, hama. Kama inakusumbua tu, inakulazimisha ucheze kwa tahadhari, baki. Hiro unayemjua dhidi ya kaunta ya wastani ni bora kuliko kaunta uliyoisoma jana kwenye video, hili sitoki hata mnibembeleze. Nimeona wengi wanachukua Khufra kwa sababu orodha fulani imesema anamuua Fanny, halafu wanadunda na mpira wao kuelekea kusikokuwa na mtu, Fanny anakata kamba juu ya vichwa vyao anaenda kumla MM.

Hatua ya 7: wajue wote, usiwacheze wote

Kubadilika kwingine hakuhitaji hata kununua hiro. Unatakiwa ujue skili za karibu kila hiro unayekutana nae, kwa ajili ya kupigana nae, sio kumcheza. Akikuua mtu usiyemwelewa, baada ya mechi fungua replei, angalia kilichotokea, kisha mchukue huyo hiro Classic mara mbili tatu. Hutakuwa mtaalamu, ila utajua skili yake ipi ni ya kukimbilia, na akishaitumia ndo unamrukia. Mtu wa Franco akikosa ile ndoano mara moja una sekunde kadhaa za kutembea kifua mbele, lakini kama hujui hilo utaendelea kujificha nyuma ya mnara mechi nzima.

Hatua ya 8: pachi na msimu mpya

Moonton, wenye gemu, wanagusa mahiro mara kwa mara kwa pachi (masasisho), huyu kaongezewa, yule kapunguzwa. Hiro wako akipunguzwa usimtupe siku hiyohiyo, wengi wanaolia ni kwa kusoma namba tu. Cheza nae Classic uone kama kile unachomtumia kimeguswa. Tigreal wakimpunguza damage yake wewe wa Roam hulali njaa, wakigusa muda wa ulti kurudi hapo ndo ukae ufikirie. Akiondoka kweli, rudi kwenye ile orodha ya notsi, tafuta anayefanya kazi yake ya karibu zaidi, yale ya ramani na vichaka unayo tayari kwa hiyo wa kujifunza ni vidole tu.

Na wiki za mwanzo za msimu, renki zikishashushwa, usilete hiro mpya kwenye renki. Watu wa Mythic wote wako huko Epic na Legend na wewe, wanapanda. Kipindi hicho ingia na wa kwanza wako, wapishe wapande, mpya mlete foleni ikishapungua.